HOTUBA JUU YA KUKAZA NATI ZA PIKIPIKI
(Iliyotolewa mbele ya wanachama, Shinyanga)



Tumeombwa tuseme machache juu ya pikipiki, na hasa juu ya jinsi zinavyotengenezwa. Huenda wako watakaouliza, makarani na mambo ya spana wapi na wapi? Twajibu kwamba kazi ya Serikali katika mkoa huu haiendi kwa kalamu peke yake. Mwaka 2018 waratibu elimu kata walipewa pikipiki, na mwaka 2022 maafisa ugani wa kilimo wakapewa zao. Mtendaji wa kata, bwana mifugo, mwuguzi aendaye kuchanja watoto, wote hupanda pikipiki. Na asiyepewa hununua yake, ama huketi nyuma ya kijana wa bodaboda ambaye hajapata kumwona kabla ya siku ile. Kwa hiyo nati ya gurudumu ni jambo letu sote.

Barabara zetu kuu zina lami, walakini vijiji vingi havifikiwi kwa lami. Wakati wa kiangazi njia za luseni hujikunja matuta madogo madogo kama bati la nyumba, na mvua zinyeshapo udongo mweusi wa mbuga hulishika gurudumu hata likakataa kuzunguka. Pikipiki ipitayo juu ya matuta hayo kwa kilomita 30 hutikisika bila kukoma, na mtikisiko ndio adui wa nati.

Watu wengi hudhani kwamba nati hushikwa na hesi, yaani ile mizunguko iliyochongwa, na kwamba ikiisha kuingia imeingia. Sivyo. Bolti ikikazwa hurefuka kidogo sana, isivyoweza kuonekana kwa macho, nayo hutaka kurudi kama mpira uliovutwa. Kutaka kurudi huko ndiko kunakovibana vipande viwili pamoja. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alieleza kutokana na majaribio yake kwamba kinacholegeza bolti zaidi ni mtikisiko wa upande kwa upande. Vipande vikipata kuteleza hata kidogo, nati huanza kujifungua yenyewe, kidogo kidogo, pasipo mkono wa mtu. Iliyobanwa sawasawa haitoi nafasi ya kuteleza. Iliyobanwa nusu imekwisha anza safari.

Mwenzetu mmoja alipeleka pikipiki katika gereji ambayo hatutaitaja, ibadilishwe oili na kukazwa cheni. Sasa, katika pikipiki kama ile cheni haikazwi bila kwanza kulegeza nati ya ekseli ya nyuma. Fundi aliilegeza, akavuta cheni, mara akaitwa na mteja mwingine. Nati ikabaki imekazwa kwa vidole, wala pini yake haikurudishwa. Mwenzetu alilipa, akatia sahihi, akaenda zake vijijini. Hajafika kilomita 20, gurudumu likaenda upande, cheni ikaruka na kujisokota. Alianguka akavunjika mkono, na kwa majuma 6 daftari za kata yake ziliandikwa na mtu mwingine. Fundi alipoulizwa alisema, “Niliikaza.” Sisi twaamini kwamba hakukusudia kusema uongo. Alikumbuka kukaza cheni, akadhani anakumbuka kukaza nati.

Na iko nyingine, ndogo, isahauliwayo zaidi: ile ya chuma kinachoishikilia breki ya nyuma isizunguke. Hiyo ikidondoka, breki huzunguka pamoja na gurudumu na kulikaba ghafula.

Lakini tusidhani kwamba dawa yake ni kukaza kwa nguvu zote. Kosa hili la pili tunaliona mjini kila siku, nalo hutendwa kwa nia njema. Kijana huvika bomba katika mkono wa spana ili iwe ndefu, akaning'inia juu yake, naye husifiwa kuwa ni fundi mwenye nguvu. Bolti yenye unene wa milimita 6, ifunguliwayo kwa spana namba 10, kwa kawaida hutaka nguvu kama ya kilo 10 zilizotundikwa mwishoni mwa spana ya sentimeta 10, basi. Nati ya ekseli hutaka mara tano ya hiyo au zaidi. Mkono usiojua tofauti huzikaza zote mbili sawa, hivyo kubwa hulegea na ndogo hukatika. Mahali pa hatari zaidi ni kizibo cha kumwagia oili chini ya injini. Kizibo ni chuma, lakini mwili wa injini ni alumini, na alumini ni laini. Ukikaza kupita kiasi hesi hufa, oili huvuja njiani, na injini hunoki. Tena wako wanaopaka oili katika hesi wapate kukaza kwa wepisi. Katika nguvu tuitumiayo kukaza, kama sehemu 9 katika 10 huliwa na msuguano. Ukiupunguza msuguano kwa oili, mkono ule ule huivuta bolti kupita kiasi chake.

Haifai kuwalaumu mafundi peke yao. Wengi walijifunza kwa kutazama tu, na VETA ina utaratibu wa kuwapima watu kama hao na kuwapa vyeti, nao wafaa kutiwa moyo wauendee. Wengine hawana spana za namba zote, hutumia ile moja ya kurekebishika, ambayo wameipa jina tusiloweza kulitaja mbele ya kikao hiki, nayo huzila pembe za nati hata zikawa mviringo. Na sisi wateja je? Twasimama na funguo mkononi tukisema, “Fanya upesi, nina kikao.” Karani hatii sahihi vocha asiyoisoma, hati ya matengenezo huitia sahihi akiwa amekwisha panda.

Twaomba kila mwanachama aliye na pikipiki awe na daftari ndogo, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike tarehe, kilomita, na kila nati iliyofunguliwa. Kabla ya kulipa, ainame aziguse zile zile. Kisha achukue rangi, hata rangi ya kucha yafaa, apige mstari mmoja mwembamba uanzie juu ya nati uishie kwenye chuma kilicho karibu nayo. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Hata mtoto ataona. Baada ya kilomita 50 hivi azitazame tena.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, twaleta ombi. Ziko spana zenye kipimo, ambazo hulia au huonyesha namba nguvu itakiwayo inapofika. Ni ghali kwa mtu mmoja, walakini si ghali kwa chama. Twapendekeza inunuliwe moja, ikae ofisini pamoja na orodha ya vipimo iliyonakiliwa kutoka katika vitabu vya pikipiki zetu, na mwanachama aiazime kwa kutia sahihi na kuirudisha jioni ile ile. Mtunza hazina yuko hapa. Twamwomba awaambie wanachama kama fedha zatosha.