Kivinjari Kilichotekwa: Dhamana ya Mwenye Steshenari na Mtunza Kompyuta za Ofisi

Mada kwa semina ya wenye steshenari na maofisa TEHAMA, Manyoni

1. Utangulizi



Mkazi wa Manyoni asiye na kompyuta huja steshenari na bahasha ya vyeti. Anataka kuomba kazi kwenye mfumo wa Ajira, kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, au kumjazia mwanawe maombi ya mkopo wa HESLB. Mara nyingi mhudumu haandiki anwani ya tovuti. Anaandika "ajira portal" kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha anabofya jibu la kwanza. Akikiteka mtu kisanduku hicho, ameteka njia ya kila mteja atakayeketi hapo. Ndiyo maana nasema kompyuta inayohudumia umma ni dhamana, na kivinjari chake kinahitaji utaratibu wa kudumu wa ulinzi.

2. Tatizo lenyewe

Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa ndani ya Chrome, Edge au Firefox. Vingi vina manufaa. Ninavyozungumzia hapa ni vile vinavyobadilisha ukurasa wa mwanzo na mtambo wa kutafuta bila ridhaa ya mtumiaji. Unachotafuta hupitishwa kwanza kwenye anwani ya kati, halafu unaletewa majibu yaliyojaa matangazo. Ni kama reli ya kati inavyogawanyika hapa hapa Manyoni: anayegeuza njia ndiye anayeamua behewa liende Tabora au Singida, na abiria hana kauli. Mwenye kiendelezi hulipwa kamisheni kwa matangazo yanayobofywa, na mteja wetu anaweza kuishia kwenye tovuti ya matapeli wanaodai ada ya maombi.

Hatari kubwa zaidi ni ruhusa ya "kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote". Kiendelezi chenye ruhusa hiyo kinaweza kuona namba ya NIDA na nywila zinazoandikwa kwenye kurasa.

Biashara hii ni kubwa. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitangaza kuwa programu iitwayo Fireball, iliyogeuza mitambo ya kutafuta, imeingia kwenye kompyuta zipatazo milioni 250. Microsoft ilisema makadirio hayo yamezidi, lakini haikukana kuwa programu hiyo ipo na inaenea.

3. Milango inayotumika

Mlango wa kwanza ni PDF. Mifumo ya maombi hutaka vyeti katika PDF, tena visizidi ukubwa fulani. Mhudumu anatafuta kigeuzi cha bure, anabofya tangazo, anakubali kila kinachoulizwa. Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitahadharisha umma kuhusu vigeuzi vya bure vinavyopakia programu hasidi.

Mlango wa pili ni programu za bure zinazosakinishwa kwa kubofya "endelea" bila kusoma. Kiendelezi huingia humo kama nyongeza.

Mlango wa tatu ni kiendelezi chema kinachobadilisha mmiliki. The Great Suspender kilipendwa na watu zaidi ya milioni 2 kwa sababu kilipunguza mzigo wa memori, jambo ambalo wenye kompyuta kuukuu tunalihitaji sana. Mwanzilishi wake alikiuza mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa kilikuwa na programu hasidi. Kilichokuwa salama jana kinahitaji kukaguliwa leo.

4. Kwa nini kinarudi

Wengi hukiondoa kiendelezi asubuhi, jioni wakakikuta tena. Sababu za kawaida ni tatu: programu iliyokileta bado imo ndani ya Windows, akaunti moja ya Google imefunguliwa kwenye mashine zote na usawazishaji unakirudisha, au programu iliyokileta imeweka sera ya kivinjari inayokilazimisha, na Chrome inaonyesha "inadhibitiwa na shirika lako" ilhali duka halina shirika lolote linaloidhibiti.

Basi usafi ufuate mpangilio huu: zima usawazishaji, ondoa programu ngeni kwenye Windows ukianza na za karibuni, pitisha antivairasi, ondoa kiendelezi, kagua chrome://policy, rejesha mipangilio ya mwanzo ya kivinjari. Mwisho, badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama.

5. Mapendekezo

(a) Mteja ahudumiwe katika hali ya mgeni ya Chrome. Viendelezi havifanyi kazi humo, na historia hufutika dirisha likifungwa.

(b) Tovuti za huduma ziwekwe kwenye alamisho baada ya kuhakiki kuwa anwani inaishia .go.tz, kikoa cha taasisi za serikali. Mhudumu asizitafute tena.

(c) PDF itengenezwe kwa Word au kwa "Microsoft Print to PDF", ambayo imo tayari ndani ya Windows 10 na 11. Ukubwa upunguzwe kwenye skana kabla ya kuskani.

(d) Mhudumu atumie akaunti ya kawaida ya Windows; nywila ya msimamizi abaki nayo mwenye duka.

(e) Ofisi za halmashauri, shule na zahanati zitumie sera ya kivinjari inayozuia viendelezi vyote isipokuwa vilivyoidhinishwa na ofisa TEHAMA.

6. Hitimisho

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde. Hata bila sheria, mzazi aliyetoka kata ya Heka au Sanza kwa nauli ya kukopa anastahili maombi ya mwanawe yafike yanakotakiwa. Naomba kila mshiriki aanze na hatua (a) na (b) kesho kabla ya kumpokea mteja wa kwanza; zote mbili hazigharimu hata shilingi.