Je, Uovu Una Kwao?

Swali la kama uovu ni uleule kila mahali, au kila jamii ina wa kwake, huzungumzwa sana vyuoni. Katumba swali hilo lina uzito wa aina nyingine. Makazi haya ya Mpanda, ambayo leo yako chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, yalifunguliwa mwaka 1973 katikati ya miombo kwa ajili ya watu waliokimbia Burundi mwaka mmoja kabla. Walifyeka pori, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakazaa na kuzika. Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania iliwakubalia uraia watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Mada hii inaanzia kwenye kile kilichowafanya wahame kwao.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walivamia Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo mengine ya kusini mwa Burundi, wakaua Watutsi, raia wakiwemo. Serikali ya Rais Michel Micombero haikuishia kuwasaka waasi. Jeshi pamoja na vijana wa chama tawala waliwageukia Wahutu waliosoma na waliokuwa na vyeo: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara, mapadri, askari. Orodha ziliandaliwa. Watu waliitwa kwa majina kazini na madarasani, wakapandishwa kwenye malori, wakazikwa katika mashimo ya pamoja. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Warundi wanakiita kipindi hicho Ikiza.

Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kuwa imefukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika makaburi 6 ya pamoja mkoani Karuzi. Udongoni yalipatikana mabaki ya nguo, miwani na rozari, na kwa vitu hivyo baadhi ya familia ziliweza kuwatambua watu wao.

Rozari hizo zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu zinaiweka pabaya hoja ya wanaosema kuwa uovu ni suala la mila tu. Waliokuwa ndani ya mashimo na wengi wa waliosimama juu yake walibatizwa katika kanisa lilelile. Walizungumza Kirundi kimoja, waliheshimu ng'ombe na mtama kwa namna moja, na migogoro yao ya mipaka na mahari iliamuliwa na wazee walewale wa baraza, abashingantahe, walioapishwa hadharani kusema kweli bila kumwogopa mtu. Hakukuwa na mila mbili zilizogongana kule Burundi. Mila ilikuwa moja, na ndani yake kumuua jirani asiye na kosa kulikuwa haramu. Wauaji walilijua hilo. Ndiyo maana hawakusema wanaua majirani, walisema wanaitetea nchi dhidi ya wasaliti. Na ndiyo maana kazi nyingi ilifanyika usiku.

Upande wa pili wa mpaka unatoa ushahidi unaofanana na huo. Waliopokelewa Kigoma, na baadaye wakaletwa huku kwenye nchi ya Wakonongo na Wabende, hawakuhitaji kwanza kufundisha mila zao ili ieleweke kuwa wametendewa unyama. Ilitosha kuwaona. Kama ubaya wa tendo ungekuwa mali ya kabila moja, mgeni asingeweza kuutambua.

Hata hivyo, wanaotilia shaka maadili ya dunia nzima wana sababu, na si haki kuwapuuza. Afrika Mashariki imewahi kuchapwa kwa jina la maadili ya dunia nzima. Wajerumani waliozima Vita vya Maji Maji kuanzia 1905 walijiita waleta ustaarabu huku wakichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1947, Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukiandaa Tamko la Haki za Binadamu, wanaanthropolojia wa Marekani walionya kwa maandishi kuwa tamko hilo lisije likawa vipimo vya Ulaya na Marekani vilivyovalishwa joho la dunia. Onyo lao lilikuwa la haki. Sehemu kubwa ya Afrika wakati huo haikuwa na kiti cha kukalia kwenye mazungumzo hayo.

Waafrika walipokuja kuandika mkataba wao, walipita njia ya katikati. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi Juni 1981, unampa kila mtu wajibu wa kulinda maadili ya Kiafrika, lakini unataja yale yaliyo mema. Waandishi wake, ambao hakuna anayeweza kuwaita wakoloni, walikiri kuwa ndani ya mila kuna la kubeba na la kuacha.

Mengi ni ya mila kweli, na yabaki hivyo. Idadi ya ng'ombe wa mahari, nani aanze kumwamkia nani, mke wa marehemu aomboleze siku ngapi, nyama ipi iliwe na ipi isiliwe: Msukuma aliyehamia mkoa huu wa Katavi na mifugo yake na Mpimbwe aliyemkuta wanaweza kutofautiana katika yote hayo na kila mmoja akawa mtu mwema. Anayeita tofauti za namna hii uovu anatafuta ugomvi.

Mambo yanabadilika pale mtu anapodhurika. Hapo mada hii inaona kuwa jamii zinatofautiana kidogo sana kuhusu lipi ni ovu. Zinapotofautiana ni katika nani ahesabiwe kuwa mtu. Bibi aliyepikia kuni kwa miaka hamsini macho yake huwa mekundu kwa moshi. Katika vijiji vya kanda ya ziwa na magharibi wekundu huo, ukichukuliwa kuwa dalili ya uchawi, umewagharimu wanawake wengi maisha. Waliowaua si watu walioona kuua vikongwe ni sawa. Kijana yeyote wa vijiji hivyo ukimuuliza kama ni halali kumkata mapanga bibi yake, atashtuka. Lakini mpiga ramli chonganishi akishatamka kuwa yule si bibi tena bali ni mchawi aliyemla mtoto wa fulani, panga linaonekana kama ulinzi.

Watu wenye ualbino walipitia hayohayo. Kabla hawajaviziwa, walisemwa kuwa ni mizimu, kwamba hawafi bali hutoweka. Mauaji yalipozidi, Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda aliyekuwa Waziri Mkuu na mbunge wa Mpanda Mashariki, alisema Januari 2009 kuwa atakayekamatwa akiua naye auawe. Bunge lilipomhoji, alijieleza huku akilia machozi mbele ya taifa. Wengine walimcheka. Mada hii haioni cha kuchekwa. Kiongozi aliyeapa kulinda sheria alibanwa kati ya uchungu wa damu aliyoiona mikoani na kanuni inayompa hata muuaji haki ya kusikilizwa, na waliomhoji walikuwa sahihi kumrudisha kwenye kanuni. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino. Mashahidi na wazee wa baraza walikuwa watu wa mazingira yaleyale waliyotoka washtakiwa.

Arusha nako kuna mfano usiosahaulika. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komini ya Taba nchini Rwanda, alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari tarehe 2 Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya namna hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa. Majaji waliridhika kuwa hadi tarehe 18 Aprili 1994 mtu huyu alijitahidi kuzuia mauaji katika eneo lake. Siku hiyo ulifanyika mkutano wa viongozi, na baada yake akageuka. Mila ya Taba haikubadilika kati ya asubuhi na jioni. Kilichobadilika ni hesabu yake ya faida na hofu.

Lipo suala moja ambalo haliingii vizuri katika maelezo haya, na liko hapa nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa Katavi, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Baba anayemwoza binti wa miaka 15 hafanyi usiku kwa kificho. Anaita ukoo, anapokea mahari, anapika pilau. Haamini kuwa binti yake si mtu. Anaamini anamwepusha na aibu, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa upande wake.

Julai 2016 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, kuwa vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka 1 kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na katika hoja zake zilikuwemo mila na dini. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo.

Mwenye kusema "hii ni mila yetu" katika kesi kama hii anapaswa kuulizwa ametumwa na nani. Mila si sauti ya wajomba peke yao. Binti anayeacha darasa la sita naye ni wa mila hiyo, mama yake aliyepata fistula akiwa na miaka 16 naye ni wa mila hiyo, na vilevile shangazi aliyemficha mpwa wake mpaka wachumba wakakata tamaa. Wote hao ni Wasukuma, Wapimbwe au Warundi kamili. Anayetetea ndoa ile kwa jina la utamaduni amechagua upande mmoja ndani ya ukoo na kuuita utamaduni wote. Kwa hiyo viongozi wa vijiji na wa dini, watakapokaribishwa tena kwenye kikao cha mahari, wana jambo la kufanya kabla vikombe vya chai havijajazwa: kuomba binti mwenyewe aitwe, aketi, asikilizwe, na akikataa, mmoja wao asimame upande wake pale pale.