Madini Joto na Mizani ya Homoni

Hapa Matwebe na Rungwe yote, mvua ileile inayostawisha chai na migomba yetu ndiyo iliyoyachukua, dahari na dahari, madini joto ya udongo wa milima hii, na kwa sababu hiyo nyanda za juu za kusini zilijulikana tangu zamani kwa maradhi ya rovu. Homoni za mwili zategemeana: tezi ya shingoni, ikikosa madini hayo, hushindwa kutengeneza homoni yake ya kutosha, hapo tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo hukadiria kiasi cha homoni hiyo katika damu, huiamrisha ya shingoni izidishe juhudi, nayo, kwa kutii amri isiyokoma, huvimba. Taathira haziishii shingoni, kwani moyo huenda polepole, mwili huhisi baridi na uchovu, hedhi huvurugika, na mtoto aliye tumboni, nalo hili ndilo zito kuliko yote, huweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, na mama mjamzito 250. Basi nunueni chumvi iliyotiwa madini joto, ihifadhini katika chombo chenye kifuniko, na mwenye uvimbe shingoni aende hospitali akapimwe damu.