Stima ya Saa Mbili Usiku: Hotuba kwa Wakaazi Kuhusu Matumizi ya Umeme Jioni



Kila jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne hivi, Kenya hutumia stima nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka wa 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Ikifika saa nane usiku matumizi hushuka karibu nusu, na kule Olkaria mvuke huachiliwa hewani wakati mwingine kwa kukosa wa kutumia umeme wake.

Stima ya gridi haiwekwi ghalani kama mahindi. Inayohitajika lazima izalishwe papo hapo. Jioni jua limezama, na upepo wa Turkana huvuma upendavyo. Ndipo mitambo ya mafuta, kama ya Kipevu na Rabai, inapowashwa, na gharama ya mafuta hayo humrudia kila anayenunua tokeni. Isipotosha bado, baadhi ya mitaa huzimwa ili gridi nzima isianguke. Wanaoumia ni muuza samaki mwenye friji, kinyozi aliye na mteja kitini, na mtoto mwenye mtihani kesho.

Nyumbani, taa si tatizo kubwa. Shawa moja ya umeme huvuta wati 5,000 hivi, sawa na balbu za LED zaidi ya 500. Pasi, birika na pampu ya maji zinafuata. Sare za shule zikipigwa pasi Jumapili mchana (wengi hungoja usiku!) na tanki likijazwa alfajiri, mzigo unapungua pale unapouma. Ukweli usemwe: kwa nyumba nyingi bei ya yuniti ni ile ile usiku na mchana, kwa hivyo kubadilisha saa pekee hakupunguzi bili. Faida ni stima kutokatika wakati wa chajio.

Viwanda na biashara kubwa zina sababu ya pesa pia. Tangu Desemba 2017 kuna nusu bei kwa matumizi yanayozidi kiwango kilichowekwa, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Mwenye kiwanda cha maziwa au barafu aulize kwanza akaunti yake iko kundi gani, kisha apange zamu.

Wenye posho mill na mafundi wa kuchomelea, wengi hawamo katika mpango huo. Kwao inatosha kumaliza kazi nzito kabla ya saa moja jioni.