Gari Linapogoma Kuwaka Alfajiri



Alfajiri za Juni na Julai katika miinuko ya Kasulu na Kibondo zina baridi, na ndipo magari ya dizeli hugoma. Mama mwenye uchungu hawezi kungoja vijana wakusanyike kusukuma. Nawasihi, hasa ninyi mnaobeba wagonjwa usiku kwa magari yenu, myakague jioni.

Kwanza sikilizeni. Mkipiga stata ikalia mlio mkavu mmoja, na taa zikafifia, shaka ni ya umeme. Msikimbilie kununua betri. Huenda fedha hiyo ikapotea bure. Vichwa vyake vikiwa na unga mweupe au wa kijani, fungueni waya wa hasi kwanza, visugueni kwa brashi na maji ya uvuguvugu, vikausheni, kisha kazeni. Hasi urudi mwisho.

Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isishike, tazameni joto na mafuta. Dizeli haiwashwi kwa cheche, bali kwa joto la hewa iliyobanwa, na plagi za kupashia joto huisaidia penye baridi. Ngojeni taa yake ya manjano izimike ndipo mpige stata, isizidi sekunde 10. Dizeli ya madumu, tunayoizoea mno vijijini, yaweza kuwa na maji: yamwageni kupitia koki iliyo chini ya chujio.

Gari la gia otomatiki msilisukume, haliwaki hivyo. Likigoma bado, mwiteni fundi kungali mchana.