Hesabu ya Merikebu Kumi na Mbili
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Tulipopewa heshima ya kusema mbele yenu, tuliona afadhali tusiseme habari za mishahara wala za likizo, kwa kuwa hizo mwazijua kutushinda. Tumewaletea kisa cha kale cha Wayunani: habari za Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, jinsi alivyorejea kwake baada ya vita vya Troy. Wengi wetu tulikisoma shuleni, tukakipenda kwa ajili ya lile jitu lenye jicho moja. Hivi karibuni tumekisoma tena, na safari hii tulikisoma kwa hesabu. Msitucheke, karani hawezi kusoma kitu pasipo kuhesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Vita vilidumu miaka 10, na safari ya kurudi ikachukua miaka 10 mingine. Odysseus aliondoka Troy na merikebu 12 zilizojaa watu. Alifika Ithaca peke yake, amelala usingizi, katika merikebu ya watu wengine. Basi twauliza: wenziwe wamekwenda wapi, na ni nani apasaye kuulizwa habari zao?

Homer, mshairi ambaye utenzi huu wasemwa kuwa wake, atoa hukumu mapema, tangu mistari ya mwanzo. Asema ya kwamba walipotea kwa upumbavu wao wenyewe, kwa kuwa walikula ng'ombe wa Jua. Nasi kwa miaka mingi tuliikubali hukumu hiyo. Lakini mkilifuata daftari ukurasa kwa ukurasa, mtaona kwamba hesabu haikubali. Waliokula ng'ombe wale walikuwa watu wa merikebu moja tu. Merikebu 11 zilikuwa zimekwisha kupotea zamani, na watu wake hawakuona hata ndama mmoja wa Jua.

Zilipotea katika bandari ya majitu waitwao Laestrygones. Bandari ile ilikuwa nzuri kwa macho: maji yametulia, majabali pande zote mbili, na mlango mwembamba. Manahodha wote waliingia ndani, wakafunga merikebu zao karibu karibu. Odysseus peke yake aliifunga yake nje, penye mwamba. Majitu wakatokea juu ya majabali, wakavurumisha mawe, wakawachoma watu kama wachomavyo samaki. Odysseus akachomoa upanga, akaikata kamba, akaenda zake. Watu humsifu kwa hadhari yake, nasi twaisifu. Walakini, ikiwa aliitilia shaka bandari ile, je, aliwaonya wale wengine 11? Utenzi hausemi neno.

Kabla ya hapo palikuwa na ule mfuko wa pepo, nasi twaomba ruhusa ya kukaa hapo kitambo. Aeolus, msimamizi wa pepo, alimkirimu Odysseus mwezi mzima. Kisha akazitia pepo zote za dhoruba ndani ya mfuko wa ngozi ya ng'ombe, akaufunga kwa uzi wa fedha, akauacha upepo wa magharibi tu uvume, uwapeleke kwao. Wakasafiri siku 9, usiku na mchana. Siku ya 10 wakaiona nchi yao, karibu hata wakawaona watu wakichochea mioto. Siku zote hizo Odysseus alikuwa ameishika kamba ya tanga kwa mkono wake mwenyewe, asimpe mtu mwingine, ili wafike upesi. Basi akashikwa na uchovu, akalala.

Hapo mabaharia wakaanza kunong'onezana. Wakasema ya kuwa mkubwa wao hupewa tunu kila aendako, na nyara za Troy anazo, na wao waliopata taabu ile ile warudi mikono mitupu. Bila shaka mfuko ule una dhahabu. Wakaufungua. Pepo zikatoka kwa pamoja, na dhoruba ikawachukua, wakiitazama Ithaca na kulia.

Je, tuwalaumu? Naam, tuwalaumu, wivu ni wivu. Lakini na tutazame upande wa pili. Kwa siku 9 mkubwa wao alikaa na mfuko uliofungwa kwa uzi wa fedha, machoni pa watu wote, asiwaambie kilichomo. Neno moja lingalitosha.

Jambo hili latugusa kwa sababu. Zamani tulikuwa katika chama kimoja cha kusaidiana. Mtunza fedha wetu alikuwa mtu mwaminifu sana, lakini sanduku aliliweka chini ya kitanda chake, na daftari hakumwonyesha mtu. Kwake yeye, kuulizwa kulikuwa sawa na kutukanwa. Maneno yakaanza, kwanza kwa chini, kisha kwa juu. Siku lilipofunguliwa sanduku, kwa makelele na ghadhabu, haikupungua hata senti moja. Lakini chama kilikuwa kimekwisha kuvunjika jioni ile ile, na wako wawili ambao mpaka leo hawaamkiani.

Tena, ajabu ni kwamba mtu huyu aliyenyamaza palipotakiwa maneno, alisema palipotakiwa kimya. Katika pango la lile jitu, Polyphemus, alijiita Hapanamtu (na mzaha huu wapendeza katika Kiswahili kama ulivyopendeza katika Kiyunani). Jitu lilipochomwa jicho likapiga kelele kwamba Hapanamtu analiua. Jirani zake wakajibu, ikiwa hapana mtu akuuaye, unatuitia nini? Wakaenda kulala. Hila nzuri mno. Lakini merikebu ilipokwisha kutoka pwani, Odysseus akasimama, akalipigia jitu kelele jina lake kamili, na jina la baba yake, na mji wake. Wenziwe walimsihi anyamaze, naye hakuwasikia. Polyphemus akamwomba baba yake, Poseidon mwenye bahari, kwamba mtu huyu akirudi kwao, arudi kwa kuchelewa, amepoteza wenziwe wote, katika merikebu ya wageni. Linganisheni na hesabu tuliyoanza nayo.

Nao wenziwe hawakuwa wapumbavu siku zote. Katika nyumba ya Circe mchawi, mkubwa wao alikaa mwaka mzima akila na kunywa. Waliomkumbusha habari za nyumbani ni wao.

Mtatujibu kwamba kuwaambia watu si dawa ya kila kitu, na hapo twakubali kwamba hoja yetu yapata ufa. Katika kisiwa cha Jua aliwaambia wazi, akawaapisha. Wakakaa mwezi mzima pepo zimewakatalia njia, chakula kikaisha, wakavua samaki na kutega ndege. Odysseus alipokwenda kuomba, akalala tena, na Eurylochus akawaambia wenziwe kwamba afadhali kufa mara moja baharini kuliko kufa polepole kwa njaa. Watu walioshiba wasiwe wepesi wa kuwahukumu. Na palipokuwa na Scylla, dubwana lenye vichwa 6, aliwaficha makusudi asije mtu akaacha kasia, nao 6 wakanyakuliwa. Lakini merikebu ilipita.

Yako masikilizano mengine yasiyosomwa sana. Odysseus alipokwisha kuwaua wale wachumba 108 waliokuwa wakila mali yake, wazee wa Ithaca walikutana barazani. Akasimama Eupeithes, ambaye mwanawe Antinous aliuawa wa kwanza, akalia, akasema ya kwamba mtu huyu alichukua merikebu nyingi na vijana wema, akazipoteza merikebu, akawapoteza vijana, na sasa amerudi kuwaua waliobaki. Wengi wakamfuata na silaha zao. Eupeithes akauawa kwa mkuki, kisha mungu wa kike Athena akaingia kati, vita vikakoma, watu wakaapishwa amani.

Swali lenyewe halikujibiwa. Odysseus alimsimulia mkewe safari yote kitandani, usiku mmoja. Mbele ya baba za mabaharia hakusimama hata mara moja.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, sisi twaketi, ili wenye kumtetea Odysseus wapate nafasi.