Porte de Namur: simu nzuri hupimwa wapi?

Katika mtaa wa Matonge mjini Brussels, simu, michezo ya video na huduma ya intaneti havipimwi kwa kasi na mng'aro peke yake. Hupimwa pia kwa yule aliye upande wa pili, Kinshasa, Goma au Bukavu.

Abiria anayeshuka katika kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Porte de Namur na kupanda ngazi hadi juu hutokea mahali ambapo njia mbili zinaachana: Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre. Akiishika hii ya pili, hatua chache tu zinatosha kumtoa katika Ulaya aliyoizoea. Madirishani kuna nywele za bandia, vitenge, ndizi za kupika, samaki wakavu na majani ya mihogo, yale ambayo Wakongo wa magharibi huyaita pondu na wa mashariki sombe. Na baina ya duka na duka kuna simu: mpya, kuukuu, na nyingine zimelazwa mezani zikiwa zimefunguliwa matumbo, zikimsubiri fundi.

Huu ndio Matonge, mtaa ulioazima jina lake kwa Matonge ya Kinshasa, katika manispaa ya Kalamu. Mwaka 1961 ilianzishwa hapa Maison Africaine, nyumba ya kuwapokea wanafunzi waliotoka Kongo, na wateja walipopatikana, maduka yalifuata. Wengi wanaoonekana katika mtaa huu hawalali hapa. Huja kusukwa nywele, kununua chakula na kupata habari za nyumbani. Katika mazungumzo yao kuna jambo lisilokosekana: simu ipi inadumu, kadi ipi haina hila, na intaneti ya nani ni ya kuaminika. Wapo vijana wanaoyafuatilia mambo hayo kama wenzao wanavyofuatilia kandanda, na hukumu zao ni kali kuliko za magazeti ambayo hupelekewa simu za majaribio na watengenezaji wenyewe.

Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, biashara iliyoupa mtaa huu pumzi yake ilikuwa ile ya vibanda vya simu. Juu ya kioo cha duka ilibandikwa orodha ya nchi, na mbele ya kila nchi bei ya dakika moja. Ndani mlikuwa na vyumba vidogo vya mbao vyenye milango isiyoweza kuzuia sauti, hata msiba wa mtu, ada ya shule ya mwanawe na ugomvi wake na mkewe vikawa habari za wote waliokuwa wakingojea zamu. Simu za waya za Zaire ya zamani zilikuwa zimekwisha kufa kwa kukosa matunzo. Aliyepigiwa alipatikana kwa simu ya mkononi, na hilo si jambo lililoletwa na Ulaya. Tangu katikati ya miaka ya 1980 mjini Kinshasa palikuwa na Telecel, kampuni aliyoianzisha Miko Rwayitare, mhandisi mzaliwa wa Rwanda, moja ya kampuni za kwanza kabisa za simu za mkononi barani Afrika. Wakati huo chombo chenyewe kiligharimu maelfu ya dola na kilikuwa cha mawaziri na matajiri. Nchini Ubelgiji, mtandao wa GSM ulifunguliwa mwaka 1994, na mpaka leo Wabelgiji huiita simu ya mkononi GSM, kana kwamba mtambo na chombo ni kitu kimoja.

Baada ya vibanda zikaja kadi za kukwangua. Hapa ndipo ulipozaliwa ujuzi wa kweli wa mtaani. Kadi ya euro 5 ilitangaza dakika nyingi kwa herufi kubwa, na kwa herufi ndogo ikaeleza yaliyosalia: ada ya kuunganishwa, dakika kuhesabiwa kwa mafungu, na salio kukatwa kila wiki hata kama kadi haikutumika. Mteja aliyepiga mara tano kwa maneno mafupi alimaliza kadi upesi kuliko yule aliyezungumza mara moja kwa kirefu. Waliokuwa na ujuzi waliweka saa mezani, wakahesabu, wakaambizana. Katika mtaa ambao wengi wao mshahara wao hugawanywa baina ya nyumba mbili, moja Ubelgiji na nyingine Kongo, hesabu hiyo haikuwa mchezo.

Kisha intaneti ikavifunga vibanda. Skype ilianza mwaka 2003, WhatsApp mwaka 2009, na mwaka 2015 WhatsApp ikaongeza simu za sauti. Anayetazama kutoka Brussels atasema kwamba kupiga simu kumekuwa bure. Kauli hiyo haina budi kusahihishwa. Katika zama za kadi, gharama yote ilimwangukia aliyepiga. Mama aliyekuwa Bukavu alipokea tu. Katika zama za intaneti, anayepigiwa naye analipa, kwa kuwa ni lazima awe amenunua bando lake, au mega kama wasemavyo Wakongo. Simu ya picha inayopigwa kutoka kwenye nyumba yenye intaneti isiyo na kikomo, mtoto akionyeshwa kwa nusu saa, yaweza kumaliza mega alizonunua nyanya yake kwa wiki nzima. Wanaoyaelewa haya hutuma ujumbe wa sauti, mfupi, unaosikilizwa wakati wowote mtandao unaporuhusu. Kwao huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko kamera yoyote, na ni vigumu kuwapinga.

Ubelgiji nayo iliweka masharti yake. Baada ya mashambulizi ya Machi 2016 mjini Brussels, serikali iliagiza kwamba kila mwenye laini ya malipo ya kabla ajitambulishe kwa kitambulisho, sharti lililoanza Desemba mwaka huo. Kwa mtu asiye na karatasi za ukaazi, laini ya simu ikageuka kuwa jambo la kuomba kwa rafiki.

Lakini kipimo kikubwa cha huduma ya intaneti, kwa watu wa mtaa huu, hakimo Ubelgiji kabisa. Tarehe 3 Desemba 2011, siku chache baada ya uchaguzi wa Kongo, serikali ya Kinshasa iliamuru ujumbe mfupi wa simu uzimwe nchini kote, na ukazimwa kwa zaidi ya wiki tatu. Walioumia kuliko wote ni viziwi, ambao ujumbe mfupi ndio uliokuwa simu yao. Mwezi huohuo maandamano ya Wakongo katika eneo la Porte de Namur yaliishia katika vurugu na polisi. Januari 2015 intaneti ilikatwa wakati wa maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi. Na tangu tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, ilikatwa tena kwa karibu wiki tatu. Waganda walionja hali hiyo Januari 2021, na Watanzania tangu siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Siku kama hizo nyaya bora kabisa za Brussels hazimfai mtu kitu. Mwenye simu ghali na mwenye simu ya bei nafuu hutazama alama ileile moja ya kijivu, ya ujumbe uliotumwa usiofika. Kampuni za Ulaya hutangaza kasi ya intaneti yao. Za Kongo hazina budi kuhukumiwa kwanza kwa jambo jingine, nalo ni kama zitaendelea kuwapo siku zinapohitajika mno.

Tukirudi kwenye chombo chenyewe, Ubelgiji iliwahi kuwa soko la ajabu. Sheria yake ya biashara ilikataza kuuza bidhaa mbili kwa pamoja kwa bei moja, hivyo kampuni ya simu haikuweza kumpa mteja simu rahisi kisha ikamfunga kwa mkataba. Mahakama ya Ulaya iliipinga katazo hilo Aprili 2009. Kabla ya hapo, simu ya Ubelgiji ilikuwa ghali lakini huru: iPhone ya mwaka 2008 iliuzwa hapa kwa zaidi ya euro 500, bila kufuli, ilhali majirani waliipata kwa bei ndogo ikiwa imefungwa kwa mtandao mmoja. Kwa msafiri anayemchukulia ndugu yake zawadi, tofauti hiyo ni kubwa. Simu iliyofungwa, ikifika Kinshasa, ni saa ya mkononi isiyo na mkanda.

Hata simu iliyo huru haitoshi ikiwa ina nafasi ya laini moja. Nchini Kongo, kama kwingineko Afrika, mtandao mmoja hushika mjini na mwingine kijijini, na kupiga ndani ya mtandao uleule kwa miaka mingi kulikuwa rahisi kuliko kuvuka. Kampuni ya Kichina ya Transsion, yenye majina ya Tecno, itel na Infinix, ililielewa hilo mapema. Ilileta Afrika simu za laini mbili, betri za kudumu na kamera zilizorekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, wakati watengenezaji wakubwa wa simu walikuwa bado wanaziona laini mbili kama jambo la watu wachache. Hapa mpenzi wa vyombo wa Matonge husema bila kusita kwamba simu inayosifiwa sana Ulaya siyo inayofaa kupelekwa nyumbani. Yenye betri inayotoka, kioo kinachopatikana na fundi anayeijua ndiyo inayofaa.

Umoja wa Ulaya umechelewa kufika katika rai hiyo, ila umefika. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa katika nchi zake sharti zitumie tundu moja la chaji, lile la USB-C. Tangu Juni 2025 watengenezaji wanatakiwa kuwa na vipuri kwa miaka saba baada ya kuacha kuuza aina fulani ya simu. Na sheria ya betri imeweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa mwanzo wa sharti la betri ambazo mwenye chombo anaweza kuzibadilisha mwenyewe. Mafundi wa Chaussée de Wavre hawakungoja tarehe hizo.

Limesalia suala la kile kilichomo ndani ya simu, na pia ndani ya mashine za michezo. Machi 2000 kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation 2 nchini Japani, na Novemba ikafika Ulaya. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 kabla ya utengenezaji wake kusimamishwa. Mashine hiyo, sawa na simu, inahitaji kapasita, vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi na kuutoa kwa kipimo. Kapasita za tantalamu hustahimili joto na huweza kuwa ndogo mno, na tantalamu hutolewa katika koltani. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya madini hayo ilipanda kutoka makumi ya dola kwa ratili hadi dola 300 na zaidi. Huko Masisi na Kalehe wakulima waliacha mashamba. Wachimbaji waliingia hadi ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, makao ya sokwe. Kundi la waasi la RCD-Goma, lililotawala eneo hilo, likaipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kununua na kusafirisha koltani. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, na aliyeacha shamba akabaki bila shamba na bila soko.

Kusema kwamba mchezo wa video ulileta vita ni kutia chumvi. Vita hivyo vilianza Agosti 1998, na bei ilipandishwa pia na simu za mkononi na wafanyabiashara walioficha mali wakingoja faida. Hata hivyo, jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliandika ripoti juu ya uporaji wa madini ya Kongo mwaka 2001 na 2002, na Baraza la Seneti la Ubelgiji likaunda tume yake ya uchunguzi. Kijana wa Ixelles aliyeshika kidude cha kuchezea, na mjomba wake aliyekimbia Masisi, walikuwa katika hadithi moja bila kuarifiwa.

Kutoka Porte de Namur hadi Bunge la Ulaya ni mwendo mfupi kwa miguu. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya madini ya maeneo ya vita, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Inawabana wanaoingiza bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu, ama kama madini au kama metali, wathibitishe asili ya mali yao. Haiwagusi wanaoingiza simu iliyokwisha kutengenezwa. Kwa kuwa simu karibu zote za madukani hutengenezwa Asia, madini ya Kivu yanaweza kupita bandarini yakiwa ndani ya kapasita, na kanuni isiyaone. Pengo hilo liliachwa kwa makusudi, baada ya mabishano marefu, na ni vigumu kulieleza kwa mtu wa Rubaya, mji wa migodi ya koltani uliotekwa na waasi wa M23 mwaka 2024.

Desemba 2024 serikali ya Kongo iliwasilisha mashtaka mjini Paris na mjini Brussels dhidi ya kampuni tanzu za Apple, ikidai kwamba madini yaliyoporwa yameingia katika bidhaa zake. Apple ilikanusha, na ilisema kwamba ilikwisha kuwaagiza wauzaji wake waache kununua madini hayo kutoka Kongo na Rwanda. Waendesha mashtaka wa Paris waliliacha faili hilo. Mjini Brussels, Januari 2025, aliteuliwa jaji wa upelelezi. Mahakama za Brussels ziko karibu na kituo cha Louise, kituo kimoja tu kutoka Porte de Namur.